Mfurungu Katika Bustani ya Nyumbani: Somo kwa Wenye Viwanja vya Thika na Ruiru

Miongoni mwa matunda yote ya jamaa ya mchungwa, hakuna lililo kubwa kama furungu. Tunda moja lililokomaa huwa na uzito wa kilo moja au mbili, na mengine huzidi hapo. Ganda lake ni nene. Ndani ya ganda mna nyama nyeupe, laini kama sufi. Na ndani ya nyama hiyo mna vipande vikubwa vyenye maji, vyeupe au vyekundu kidogo kwa kadiri ya aina yake. Utamu wake una ukali kidogo, wala hauna uchungu mwingi kama ule wa balungi. Watu wengi huyaita matunda haya mawili kwa jina moja la balungi, lakini si tunda moja, kama itakavyoonekana hapa chini.

Somo hili lahusu jinsi ya kupanda na kutunza mfurungu mmoja karibu na nyumba katika nchi ya Thika na Ruiru. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja. Mti huu hufaulu au hushindwa siku ile mche unapochaguliwa. Maji, samadi na jembe vyafaa sana, lakini haviwezi kuuponya mche uliokuja na ugonjwa, wala haviwezi kuugeuza mche wa tabia mbaya ukazaa matunda mazuri. Na hasara yake ni kubwa, maana mwenye mti hungoja miaka minne, saba, pengine kumi, ndipo atambue kwamba alikuwa akimwagilia maji mti usio na faida.

UKOO WA FURUNGU

Nchi ya asili ya mfurungu ni Asia ya kusini-mashariki, upande wa Malesia na Tailandi. Wataalamu wa mimea wamechunguza ukoo wa miti hii, wakaona kwamba mfurungu ni mmoja wa wazee wachache waliozaa karibu jamaa yote ya michungwa. Mchungwa wenyewe ni mtoto wa mchanganyiko wa ukoo wa mfurungu na ule wa mchenza. Mbalungi nao ulizaliwa na mfurungu na mchungwa katika visiwa vya Karibi, na habari za tunda lake katika kisiwa cha Barbados ziliandikwa katika kitabu mwaka 1750. Basi furungu ni mzazi, na balungi ni mtoto.

Katika Afrika ya Mashariki jamaa hii si ngeni. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, meli za Vasco da Gama zilipotia nanga mbele ya Mombasa, mfalme wa mji aliwapelekea mabaharia kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa. Mabaharia hao walikuwa wakiugua ugonjwa wa fizi unaoletwa na kukosa matunda na mboga mbichi, na matunda ya pwani yaliwafaa. Furungu nalo lina vitamini C kwa wingi, ile ile inayozuia ugonjwa huo.

JE, MTI HUU HUKUBALI THIKA NA RUIRU?

Mfurungu hupenda joto. Thika na Ruiru ni miji ya Kaunti ya Kiambu, iliyo mita 1,500 hivi juu ya bahari, yaani kama futi 5,000. Mvua ni ya misimu miwili: masika kuanzia Machi hata Mei, na vuli kuanzia Oktoba hata Disemba, jumla yake kwa mwaka ni karibu milimita 1,000. Mwezi wa Julai ni wa baridi na mawingu, na katika mwezi huo mti hukaa kimya bila kukua.

Hali hiyo yatosha kwa mfurungu, ijapokuwa si bora kama ile ya Kilifi au Muheza. Tunda huchukua muda mrefu zaidi kukomaa kuliko pwani, na mara nyingi ganda hubaki na rangi ya kijani hata likiwa tayari. Lakini mwenye shamba aliye juu zaidi, kuelekea milima ya Gatundu na Githunguri, hafai kutegemea mti huu. Baridi ya huko huupunguzia nguvu na utamu.

Udongo nao hutofautiana. Kwenye miinuko mna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, ule unaopendwa na kahawa. Mfurungu huupenda vilevile. Lakini katika nchi tambarare ya kuelekea Juja, na sehemu nyingi za Ruiru, mna udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika udongo huo maji hutuama, na mizizi ya jamaa ya mchungwa huoza upesi ikikaa ndani ya maji. Dawa yake itaelezwa katika sehemu ya kupanda.

KWA NINI KOKWA LA FURUNGU LISIPANDWE

Watu wengi, wakila tunda tamu, hutunza mbegu zake wakazipanda. Jambo hilo lafaa kwa mimea mingi, lakini kwa mfurungu ni kubahatisha, na sababu yake yastahili kufahamika.

Mbegu ya mlimau wa porini wenye ganda la vinundu ina viini kadhaa ndani yake. Vingi katika hivyo havitokani na uchavuzi. Vimetokana na mama peke yake, na mche unaoota kutoka humo hufanana na mama kwa kila tabia. Mbegu ya mchungwa na ya mbalungi ni vivyo hivyo. Lakini mbegu ya furungu ina kiini kimoja tu, na kiini hicho kina baba na mama. Baba ni mti wowote wa jamaa hii ambao nyuki alitoka kwake: pengine mlimau wa jirani, pengine mdanzi. Basi mtoto aweza kuwa mtamu, aweza kuwa mchungu, aweza kuwa na ganda nene mno na vipande vikavu. Hakuna ajuaye mpaka siku ya kuzaa. Na mti uliotoka katika mbegu hukawia miaka saba hata kumi kabla ya kuzaa, na huwa na miiba mirefu.

Kwa sababu hiyo wakulima wa matunda hutumia kazi ya kubebesha, ambayo wengine huiita kuunganisha. Jicho, yaani kichipukizi kidogo cha mfurungu unaojulikana kwa utamu, hutiwa katika shina la mche wa mlimau. Mizizi ni ya mlimau, matawi na matunda ni ya mfurungu ule ule uliotoa jicho. Mti wa namna hii huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne.

UGONJWA WA MAJANI YA MANJANO

Faida ya kubebesha ina hatari yake ndani. Kama vile jicho huchukua utamu wa mti wa zamani, ndivyo linavyochukua na ugonjwa wake. Na katika nchi ya juu ya Kenya upo ugonjwa mmoja ulioharibu michungwa mingi, wala hauna dawa ya kuuponya.

Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachokaa ndani ya mishipa ya mti inayopitisha chakula. Katika Afrika ya Kusini ulionekana tangu miaka ya 1920. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba miti imekosa madini fulani katika udongo. Ndipo mwaka 1965 wachunguzi wa huko walipothibitisha kwamba huambukizwa na mdudu mdogo mwenye mabawa, afyonzaye maji ya majani machanga. Mdudu huyo wa Afrika hupenda baridi kidogo na umande. Joto kali na ukavu huua mayai yake, na joto hupunguza nguvu ya ugonjwa pia. Hii ni sababu mojawapo ya kwamba sehemu kubwa ya machungwa yanayouzwa Thika na Ruiru hutoka pwani, Makueni na Muheza. Lakini hata huko watu wasilale. Mwaka 2017 wachunguzi walitangaza kwamba mdudu wa Asia, ndugu wa yule wa Afrika, ameonekana katika Kenya. Naye huvumilia joto.

Dalili za ugonjwa ni hizi. Majani ya tawi moja hugeuka manjano ilhali matawi mengine ni ya kijani. Manjano hayo huwa ya madoa yasiyolingana: upande mmoja wa jani haufanani na upande wa pili. Matunda hubaki madogo, hupinda upande, na yakipasuliwa mbegu zake ni nyeusi na kavu. Ladha yake ni chungu. Hatimaye matawi hukauka kutoka ncha.

Iko njia nyepesi ya kupambanua ugonjwa huu na njaa ya udongo. Chuma jani la manjano, ulitazame kwenye mwanga. Kama nusu ya kushoto na nusu ya kulia zimefanana, manjano yakiwa kati ya mishipa pande zote mbili, yaelekea mti una njaa ya madini kama zinki, na waweza kulishwa. Kama nusu hizo mbili hazifanani, kuna shaka kubwa ya ugonjwa. Hapo mwenye mti amwite afisa wa kilimo autazame. Ikithibitika, hapana budi mti ung'olewe na mizizi yake na kuchomwa. Ni kazi ya kusikitisha, lakini mti mmoja mgonjwa ukiachwa kwa huruma huambukiza miti ya jirani zote.

JINSI YA KUPATA MCHE MZIMA

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Miche ya matunda huuzwa kando ya barabara kuu tangu Nairobi hata Thika, mingine mizuri na mingine ya kutiliwa shaka. Mnunuzi asitazame urefu wa mche tu, bali aangalie mambo matano.

La kwanza, aulize jicho lilitoka mti gani, na kama kitalu kimesajiliwa na kukaguliwa. Idara ya KEPHIS, iliyoanzishwa mwaka 1996, ndiyo ilindayo afya ya mimea katika Kenya. Mwenye kitalu aliyekaguliwa hachukii kuulizwa.

La pili, atafute kovu la kubebesha. Liwe sentimita 20 au zaidi juu ya udongo. Likiwa chini mno, vimelea vya udongo hulifikia wakati wa mvua na kuozesha gome.

La tatu, atazame kikonyo cha jani. Jani la mfurungu lina bawa pana katika kikonyo chake, hata laonekana kana kwamba jani dogo limeungwa chini ya jani kubwa. Jani la mlimau halina bawa pana namna hiyo. Kama majani yote ya mche yana vikonyo vyembamba, basi jicho lilikufa zamani, na kinachouzwa ni mlimau mtupu.

La nne, ageuze majani machanga. Vipele juu ya jani, pamoja na vishimo chini yake, ni alama ya kwamba yule mdudu wa ugonjwa amekaa hapo. Mche huo usinunuliwe hata kwa bei ya chini.

La tano, aulize shina la chini ni la mti gani. Mdanzi haufai kuwa shina, maana uko ugonjwa mwingine, unaoenezwa na vidukari, ambao huua miti iliyobebeshwa juu ya mdanzi. Mlimau wa ganda la vinundu huvumilia ugonjwa huo, na mizizi yake huvumilia ukame.

KUBEBESHA KWA MKONO WAKO

Mtu mwenye subira aweza kufanya kazi hii mwenyewe. Mbegu za malimau zioshwe na kupandwa mara moja, maana zikikauka hufa. Baada ya mwezi hivi huota. Miche ikiwa na majani manne au matano ihamishwe katika mifuko ya kitalu, nayo ikiwa minene kama penseli, yaani baada ya mwaka mmoja hivi, iko tayari.

Wakati wa kubebesha ni wakati wa mvua, maji yanapopanda katika shina na gome kubanduka kwa urahisi. Kisu kiwe kikali na safi. Kioshwe kwa maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe kila baada ya mche, kisha kisuuzwe na kufutwa. Kata gome la shina, sentimita 20 au 25 juu ya udongo, mfano wa herufi T, bila kuumiza mti wa ndani. Kisha toa jicho katika kijiti cha mfurungu, pamoja na kipande cha gome mfano wa ngao, urefu wa sentimita mbili na nusu. Lisiguswe upande wa ndani, wala lisikauke. Literemshe chini ya gome lililofunguliwa, ulifunge kwa utepe wa plastiki juu na chini.

Baada ya wiki tatu fungua utepe. Jicho likiwa bado la kijani, limeshika. Likiwa jeusi, limekufa, na kazi ifanywe tena upande wa pili. Lililoshika lisaidiwe kwa kukunja kichwa cha mlimau upande, kisha kukikata chipukizi jipya likiwa na nguvu.

KUPANDA

Viwanja vingi vya Ruiru, katika nchi iliyokuwa mashamba ya kahawa, ni vya futi 50 kwa 100. Mfurungu mkubwa huhitaji nafasi ya mita sita kila upande. Basi usipandwe chini ya mita nne kutoka ukuta wa nyumba, wala karibu na shimo la maji machafu, wala chini ya nyaya za umeme. Kiwanja kimoja chatosha mti mmoja. Lakini aina nyingi za mfurungu hazikubali uchavuzi wake zenyewe; ni vizuri pawe na mlimau au mchungwa karibu, hata ukiwa wa jirani, ili nyuki wafanye kazi yao.

Shimo lichimbwe mwezi mmoja kabla ya masika, sentimita 60 kwenda chini na 60 kila upande. Udongo wa juu uwekwe mbali na ule wa chini. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza kabisa, urudishwe kwanza. Mvua ikishalowesha ardhi, mche utolewe katika mfuko bila kuvunja bonge la udongo, upandwe kwa kimo kile kile ulichokuwa nacho kitaluni. Kovu la kubebesha lisifukiwe hata kidogo.

Mwenye udongo mweusi asichimbe shimo refu, maana litakuwa kisima. Afanye tuta la udongo mwekundu na samadi, kimo cha sentimita 40 na upana wa mita mbili, apande juu yake, na kuchimba mfereji wa kuondoa maji.

KUTUNZA

Katika viangazi viwili vya kwanza mche upewe debe moja la maji mara mbili kwa wiki. Paa la bati husaidia sana: mvua ya milimita 10 tu, ikianguka juu ya paa la mita 50 za mraba, hutoa lita 500, yaani madebe 25. Tangi dogo laweza kuulisha mti kwa wiki nyingi. Maji yenye sabuni nyingi yasimwagwe hapo.

Nyasi kavu zitandazwe chini ya mti ili unyevu usipotee, lakini zisiguse shina. Ziache nafasi ya mkono mmoja. Samadi itiwe kila mwaka kabla ya masika, madebe mawili kwa mti mdogo na manne kwa mti mkubwa, itawanywe chini ya ncha za matawi, kwa maana mizizi ya kula iko huko.

Kila chipukizi linaloota chini ya kovu ling'olewe likiwa changa. Hilo ni la mlimau. Likiachwa, hunyang'anya chakula, na baada ya miaka miwili mwenye mti ataona malimau yakizaa mahali pa mafurungu. Matunda ya kwanza, yakitokea mti ungali mdogo, yaondolewe, kwa sababu tunda la kilo mbili huvunja tawi changa.

Kila majani mapya yanapochipuka, hasa mvua zinapoanza, mti utazamwe mara moja kwa wiki. Majani machache yenye vipele na vishimo yaondolewe na kuchomwa. Viwavi wanaofanana na mavi ya ndege ni watoto wa kipepeo. Waokotwe kwa mkono. Sisimizi wakipanda shina, wanafuata utamu wa vidukari. Huzuiwa kwa kuwaua vidukari kwa maji ya sabuni kidogo.

Nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, hutaga mayai ndani ya tunda. Viwavi wa nondo mmoja wa Afrika nao huingia ndani ya tunda. Tunda lililoanguka lisiachwe chini hata siku moja. Lifukiwe nusu mita ardhini, au litiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na kuanikwa juani mpaka mabuu yafe.

KUCHUMA NA KULA

Rangi isiwe mwalimu. Tunda lililokomaa huwa zito kwa ukubwa wake, na ganda lake hulainika na kung'aa. Mwaka wa kwanza chuma moja, ulionje, kisha ungoje wiki chache uonje jingine; hivyo mwenye mti atajua mwezi wa mti wake. Likatwe kwa makasi na kikonyo kifupi. Kwa sababu ya unene wa ganda, furungu zima hukaa wiki kadhaa mahali penye baridi bila kuharibika.

Wakati wa kula, kata kifuniko cha juu, chora ganda kwa kisu toka juu hata chini, ulibandue pamoja na nyama nyeupe. Kisha tenga vipande, na kila kipande kivuliwe ngozi yake, maana uchungu uko katika ngozi hiyo.

Liko onyo moja ambalo kila nyumba yapasa kulijua. Furungu na balungi vina kitu kinachozuia mwili kuvunja baadhi ya dawa, hata dawa ikazidi katika damu kana kwamba mgonjwa amemeza nyingi kuliko alivyoambiwa. Miongoni mwa hizo ni baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza mafuta katika damu. Mtu anayemeza dawa kila siku amwulize daktari au mwuza dawa kabla ya kula. Mtoto anayempelekea babu au nyanya yake furungu kwa heshima aulize kwanza habari za dawa zake.

Mwenye kutaka shauri zaidi na amwendee afisa wa kilimo wa wadi yake. Tena, karibu na Thika, upande wa Kandara, kipo kituo cha uchunguzi wa kilimo cha bustani, kilicho chini ya shirika la KALRO.

MASWALI YA KUPIMA SOMO

1. Kwa nini mbegu ya mlimau hutoa mche unaofanana na mama, lakini mbegu ya furungu haitoi?
2. Jani la manjano litatazamwa namna gani ili kupambanua njaa na ugonjwa?
3. Mnunuzi atajuaje kwamba mche ulio mbele yake ni mfurungu, si mlimau mtupu?
4. Mwenye udongo mweusi apande kwa namna gani, na kwa sababu gani?
5. Ni nani asiyepaswa kula furungu kabla ya kumwuliza daktari?

Msomaji awezaye kujibu maswali haya bila kutazama nyuma yuko tayari kununua mche. Asiyeweza na asome tena kabla ya kwenda kitaluni, kwa kuwa kusoma ni kazi ya nusu saa, na mti ni kazi ya miaka.